Kiingereza cha Nakasero

Khaemba alianza kumchukia Nasif kabla hajamwona hata sura. Alimchukia kwa sauti tu, sauti iliyokuwa ikitoka kwenye simu ya mkewe kila asubuhi, nyororo, isiyo na haraka, ya mtu aliyekwisha kunywa chai yake. Sauti hiyo ilisalimia, ikatoa sentensi moja ya Kiingereza, basi. Moreen, kitenge kikiwa bado kifuani na mswaki mkononi, aliirudia sentensi ile mara kadhaa mpaka imkae mdomoni, kisha alibonyeza simu na kumtumia mwanamume mwingine sauti yake. Haya yote chumbani mwao, Namuwongo, jijini Kampala, mumewe akiwa amekaa pale pale kitandani anatafuta soksi. Halafu Moreen anacheka.

Kicheko ndicho kilichommaliza Khaemba. Hakikuwa kicheko cha mapenzi, mtu yeyote mwenye akili timamu angesema hivyo, lakini Khaemba wakati huo akili yake alikuwa ameiazima kwa wivu na haikuwa imerudishwa. Alihesabu kile kicheko kuwa chake. Kiliwahi kuwa chake, na sasa kilikuwa kinakwenda kwenye maofisi ya Nakasero kwa njia ya simu.

Tusimseme vibaya kabla ya kumjua. Khaemba alikuwa mtu wa mdomo, na mdomo ndio uliomlisha. Aliuza mabati na mbao katika yadi ya Mzee Sulaimani karibu na reli, na wateja walimfuata yeye, si mabati. Dereva wa lori aliyetoka Malaba alimkuta na Kiswahili cha nyumbani, cha utani na mizaha. Mama wa Kiganda aliyetaka kuezeka banda la kuku alimkuta na Luganda iliyonyooka, akiitwa nnyabo kwa heshima na kupongezwa kwa kazi zake kabla hata hajataja haja yake. Mkongo akishuka kwenye boda, Khaemba alimrushia Kilingala cha kubahatisha, wakacheka wote wawili, biashara ikaenda. Kiingereza alikuwa nacho pia, kile cha shule ya Webuye, kwao Kenya, na kilimtosha kabisa mpaka mkewe alipopata kazi ya ofisi.

Mke huyo Khaemba alimwita Nabangala wakipendana na Moreen wakigombana. Alipomleta Kampala kutoka Kimilili, alikuwa kama bubu. Luganda hakuijua hata ya kuombea maji. Kiswahili cha Kampala nacho, kinachovunja ngeli zote na kugeuza r kuwa l, kilimfanya ajihisi amesahau kile alichosomea. Basi Khaemba akasimama kando yake. Sokoni Nakasero alimpatania bei ya nyanya; saluni alimweleza msusi jinsi mkewe anavyotaka nywele; hospitali alimwambia daktari mahali mkewe anapoumwa. Mtu akimuuliza Moreen jambo, Moreen alimtazama mumewe kwanza. Ungemuuliza Khaemba, angekuambia ile ndiyo miaka mitamu kuliko yote maishani mwake. Hakuna aliyewahi kumuuliza Moreen.

Miaka ikapita. Mtoto hawakuwa wamejaliwa bado, na Moreen aliutumia muda wake vizuri. Luganda ikamwingia, akasoma diploma ya jioni, akaajiriwa na kampuni moja ya taa za sola kule mlimani Nakasero, penye milango ya vioo na maua ya plastiki. Huko akakuta Kiingereza ambacho Khaemba hakukijua.

Siku kilipoingia nyumbani, Khaemba alikuwa ameuliza swali la kawaida tu: Krismasi wataenda lini Webuye kumwona mama? Moreen alikuwa anapiga pasi. Bila kuinua macho akasema, "Let's circle back on that."

"Turudi wapi tena?" Khaemba akauliza.

"Nimesema tutaliongea baadaye. Ni Kiingereza cha ofisini, kimenitoka tu."

"Kwa nini usiseme baadaye?"

"Si ndiyo maana yake."

"Nani kakufundisha?"

"Nasif," akasema Moreen, akageuza kola ya blauzi na kuendelea na pasi yake.

Moreen hakuficha kitu. Alimweleza kwamba Nasif ni msimamizi wao, Mnubi wa mji wa Bombo, na kwamba amemwambia wazi: wakubwa wa makao makuu hawaulizi unajua nini, wanasikiliza unavyosema. Ndiyo maana kila asubuhi anamtumia sentensi moja ya kufanyia mazoezi. Alimweleza vizuri, kwa utaratibu, na Khaemba akaitikia vizuri, kwa utaratibu. Tangu lini mkewe akafundishwa kusema na mwanamume mwingine? Kazi hiyo ilikuwa na mwenyewe.

Basi mambo yakaanza kumwuma moja baada ya jingine. Akimwomba waende kumsalimia jirani yao Oyugi, aliyekuwa mgonjwa, Moreen anasema wiki hii hana "bandwidth", yaani nafasi. Akimlalamikia chumvi, anaambiwa asante kwa maoni. Siku moja mkewe alimwambia kwamba wao wawili inabidi wawe "aligned", yaani wawe na kauli moja, kuhusu kodi ya nyumba, na Khaemba, aliyekuwa na jibu kwa kila dereva kati ya Mombasa na Kisangani, akaenda kusimama nje.

Ndipo akamkumbuka Ambroise.

Ambroise alikuwa Mkongo aliyechaji simu za watu kwenye kibanda kando ya reli. Zamani alikuwa mwalimu Butembo, kisha akafanya kazi na shirika moja la wageni kule Goma, na sasa jioni alifundisha Kiingereza cha ofisini kwa vijana waliotafuta kazi, ubao wake ukiwa ule ule mlango wa kibanda. Khaemba akajitia anataka kujiendeleza. Alikaa kwenye benchi na vijana, na wenzake walipoondoka akabaki.

"Mwalimu, kuna neno moja hapa. Mtu akimwambia mwanamke 'let's touch base', anataka kumshika wapi?"

Ambroise alimtazama kwa upole. "Papa, hiyo haiko mambo ya kushika. Ni kuongea kidogo tu, kujua kazi imefika wapi."

"Na 'deep dive'?"

"Kuingia ndani ya jambo."

"Jambo gani?"

"Jambo lolote, papa. Hata hesabu ya sukari."

Khaemba alirudi nyumbani na hasira ya mtu aliyenyimwa ushahidi. Kesho yake akaja na neno jingine, na la pili, na kila neno Ambroise alilifungua na ndani hamkuwa na kitu ila kazi. Mwanamume mwingine angeshukuru Mungu. Khaemba aliona tu kwamba Nasif ni mjanja kuliko alivyodhani, anayejua kuficha ya kwake ndani ya maneno makavu.

Tatizo ni kwamba maneno yenyewe yakaanza kumkolea. Aliyapenda, na hilo ndilo lililomtia aibu. Akiwa yadini alimwambia mpakiaji kwamba "going forward", yaani kuanzia sasa, mbao zitapangwa upande wa ukuta, na Mzee Sulaimani akatoka kivulini kumuuliza kama amepimwa malaria. Nyumbani hakutamka hata moja. Aliyaficha kama mtu anavyoficha panga, akisubiri siku yake.

Jioni moja mvua ikawafungia kibandani, na Ambroise akamsimulia jinsi alivyopoteza kazi ya Goma.

"Wakubwa wa ofisi hawafukuzi mtu, papa. Wanashukuru. Kwanza wanakuketisha, wanakupa sifa, na zote ziko za kweli, mpaka machozi inakutoka. Halafu neno moja: 'however', hata hivyo. Hapo ndiyo kisu. Mwisho wanakutakia kila la heri, wanakushika mkono. Mimi nilishukuriwa, nikashukuriwa, nikajikuta barabarani na boksi la vitu vyangu."

Khaemba alicheka mpaka akashika mbavu. Akamwambia Ambroise kwamba kwao mambo hayo hayapo. Mwanamke wa Kibukusu akikasirika utajua, na jirani atajua. Nabangala akichafuka huanza na mama mkwe, anapanda hadi kwa babu aliyekwisha kuoza, sufuria inapigwa sakafuni, kisha nyumba inatulia kidogo, kisha unasikia, "Kula basi." Na ukila, yamekwisha. Alisimulia hayo kwa fahari, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alitembea kwenda nyumbani na moyo mwepesi.

Moyo huo haukufika mbali. Asubuhi ya Jumanne Moreen alikwenda kuoga akaacha simu kitandani, na simu ikalia, ujumbe wa sauti umeingia. Khaemba aliitazama. Alijiambia asiiguse, na huku anajiambia hivyo tayari ameiweka sikioni. Safari hii Nasif hakusema Kiingereza.

"Moreen, tukutane tena kesho, tupitie ile kitu yetu mara ya mwisho. Alhamisi asubuhi ndiyo yenyewe. Na kwa mzee wa nyumbani usiseme kwanza. Ikishaisha, ndiyo utamwambia."

Khaemba aliirudisha simu mahali pake, akailaza vile vile ilivyokuwa imelala. Hapa sasa hapakuhitajika Ambroise. Hiki kilikuwa Kiswahili, na Kiswahili alikijua.

Moreen aliporudi, akijipaka mafuta na kuimba wimbo wa kanisani, nafasi ya kuuliza ilikuwepo. Neno moja lingetosha. Lakini Khaemba alikuwa amelilea jambo hili kwa muda mrefu mno kuliacha liishe kwa swali, na tuseme ukweli, sehemu fulani ya roho yake ilifurahi. Mwishowe alikuwa na kitu mkononi.

Alhamisi alimwacha mkewe atangulie. Kisha akavaa suti ya harusi, iliyombana tumboni, akapanda boda hadi Nakasero. Mlinzi wa getini, Olanya, alimwuliza anakwenda kwa nani. Khaemba akasema ana mkutano, akasema kwa Kiingereza, na kile Kiingereza kilikaa vizuri hata Olanya akamfungulia mlango na kumwonyesha chumba.

Kupitia kioo alimwona Moreen. Alikuwa amesimama mbele ya wageni wa makao makuu, mwanamke na mwanamume waliovaa vizuri, na alikuwa akizungumza. Mkono wake mmoja uliinuka polepole kueleza jambo. Wageni walimsikiliza wakiitikia kwa vichwa. Hakutafuta neno, hakusita, na hakugeuka hata mara moja kumtazama mtu aliye kando yake kumwuliza ajibu nini. Alikuwa mzuri. Khaemba alimwona kuwa mzuri kuliko siku ya harusi yao, na hilo lilimchoma vibaya kuliko sauti zote za simu, kwa sababu uzuri ule haukumhitaji.

Akasukuma mlango.

"Good morning," akasema. Kisha akasema yote aliyokuwa ameyanoa. Kwamba anataka wote waliomo chumbani wawe "aligned". Kwamba "going forward" mke wake hapatikani kwa "deep dive" ya mtu yeyote, iwe Jumatano, iwe Alhamisi. Kwamba yeye si mjinga, na kwamba mwenye jina la Nasif asimame wa-"touch base" kiume.

Mgeni mmoja alitabasamu, akidhani ni mchezo ulioandaliwa. Tabasamu likamfia usoni. Kwenye kona ya meza mzee mmoja alisimama, mfupi, mwenye upara, miwani imefungwa kamba, mtu wa umri wa kuwa na wajukuu. Khaemba alimtazama na kungoja Nasif mwingine atokee nyuma yake. Hakutokea.

"Ndugu yangu," mzee yule akasema kwa ile sauti nyororo, "ngoja nje kidogo. Mimi nakuja sasa hivi."

Khaemba alimgeukia mkewe. Alingoja amfokee. Moreen alikuwa ameuteremsha mkono wake, na alimtazama bila hasira, kama anavyotazamwa mteja aliyekosea ofisi. Olanya akaja, akamshika kiwiko, na Khaemba akatoka.

Nasif alimkuta kwenye ngazi za nje. Alikaa kando yake, goti likimsumbua, akafuta miwani kabla ya kusema.

"Kampuni inataka kumfanya Moreen mkuu wa tawi la Gulu, kule kaskazini," akasema. "Cheo kizuri. Yeye akakataa, ati bwana yake kazi yake iko hapa na hawezi kumuacha. Mimi nikamwambia usikatae, omba cheo hicho hicho ukae nacho Kampala. Lakini hawa watu unawaomba kwa lugha yao, hatua kwa hatua, na kwa sababu zao. Mwezi mzima tumefanya hiyo kazi. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuomba."

Khaemba akamgeukia. "Mbona mlisema nisiambiwe?"

"Aliogopa ikikataliwa utaumia. Alitaka akuletee ikiwa imekubaliwa. Alisema wewe ulimsemea miaka mingi, safari hii anataka yeye akusemee wewe."

Pikipiki zilipita barabarani. Khaemba alitaka kujua kama ameshaomba, na alipouliza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Uliingia alipokuwa anafika hapo," Nasif akasema, akajikokota kuinuka. "Nimemwacha ndani nao. Sasa sijui atasema nini."

Khaemba hakurudi yadini. Alipitia sokoni akanunua samaki wa aina aliyoipenda Moreen, akafika nyumbani akavua suti, akafagia, akaosha hata vyombo visivyokuwa vichafu. Aibu ilimjia kwa mawimbi, na kila ilipokuja alisimama katikati ya chumba na ufagio mkononi. Lakini hakukata tamaa. Alijua anachostahili na alikitaka kije. Atatukanwa, yeye na mama yake na babu yake, na safari hii hata babu wa upande wa pili alistahili. Atapiga magoti kama Baganda wanavyopiga. Samaki alipoiva, sufuria tupu akaiweka mezani, upande wa mkono wa kulia wa Moreen, mahali atakapoifikia bila taabu.

Moreen aliingia jua likiwa bado lipo. Alivua viatu akavipanga mlangoni. Aliuona ufagio, akaona chakula, akaona sufuria. Kisha akavuta kiti, akakaa kumkabili mumewe, mikono ameikunja mapajani. Hakuzungumza Kibukusu. Alizungumza Kiswahili safi, taratibu, kila neno mahali pake.

"Khaemba, kwanza nataka kukushukuru."

Khaemba aliinua uso.

"Nilikuja mji huu sijui hata kusalimia mtu," Moreen akasema. "Ulinisimamia sokoni. Ulinisemea hospitali nilipokuwa siwezi kusema naumwa wapi. Nikiwa nasoma jioni ulikuwa unaningoja barabarani hata mvua ikinyesha. Mengi niliyo nayo leo yalianzia kwako, na popote nitakapokuwa nitalisema hilo."

Yote yalikuwa kweli. Khaemba alihisi macho yamemjaa, akafurahi, akafikiri amesamehewa. Alikuwa ameshafungua mdomo kujibu alipokumbuka mvua, na benchi, na Ambroise akisema sifa zenyewe zinakuwa za kweli.

Furaha ikamtoka mwilini yote. "Moreen," akasema, "nitukane."

"Umekuwa mume mwenye bidii," Moreen akaendelea. "Hujawahi kuninyima chakula, hujawahi kuniinulia mkono."

"Nabangala, nakuomba. Usinishukuru. Mtukane mama, mtukane babu. Chukua hiyo sufuria unipige nayo."

Moreen aliitazama sufuria. Kwa muda mfupi Khaemba aliliona lile jambo likija, lile la zamani, lenye makelele, ambalo mwisho wake ni chakula. Mkono wa Moreen ulisogea mezani. Kisha ukarudi mapajani, ukanyoosha sketi.

"Hata hivyo," akasema, "leo nilikuwa nimesimama mahali ambapo kwa mara ya kwanza nilikuwa najisemea mwenyewe, na ukaja kuninyang'anya mdomo. Kazi ya Gulu nimeikubali. Jumatatu naondoka, na nitaondoka peke yangu."

Mtu aliyekuwa na jibu kwa kila mteja alipiga magoti kama alivyokuwa amepanga, lakini si mbele ya mkewe. Alipiga magoti kando ya kitanda, akaingiza mkono chini, akavuta sanduku ambalo Moreen alikuja nalo kutoka Kimilili. Lilikuwa na vumbi. Alilifuta kwa mkono wa shati, juu, pembeni, kwenye kufuli, na alikuwa bado anafuta aliposikia nyuma yake Moreen akimtakia kila la heri.